Supavaiza anauliza "umesoma toleo lipi?" PhD ya fasihi ya Kiingereza, hivi hili nalo ni la kuhangaika nalo?

Mwanafunzi_Sugu:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niko PhD ya fasihi ya Kiingereza, proposo ilishapita na sasa hivi naandika sura ya kwanza ya uchambuzi. Mada yangu kwa ufupi ni riwaya zilizokuwa zinatoka kwa vipande kwenye magazeti ya Uingereza karne ya 19 na jinsi msomaji wa wakati ule alivyokuwa anaufikia mwisho wa hadithi, yaani mtu aliyengoja wiki kwa wiki kwa miezi kibao mwisho haumkuti sawasawa na mtu anayekaa na kitabu akakimaliza wikiendi moja. Mfano wangu mkubwa ni Great Expectations ya Dickens.

Sasa nimetuma rasimu, supavaiza karudisha na maswali mawili tu pembeni, hajagusa kitu kingine. La kwanza: "Nukuu hizi umezitoa toleo lipi, na kwa nini hilo?" La pili: "Pengo lako ni lipi hasa?", yaani kitu ambacho watafiti walionitangulia hawajakifanya. Basi, rasimu nzima.

Nukuu nazitoa kwenye nakala ya bure ya mtandaoni maana ni rahisi kutafuta neno na kukopi, na kwa akili yangu maneno si ni yaleyale ya Dickens? Kuhusu pengo nimeandika kwamba watafiti wengi wameangalia mambo ya matabaka na uhalifu kwenye riwaya hii ila msomaji wa vipande hajaangaliwa. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, haya mambo ya matoleo yana uzito wowote au ni ukoloni wa walimu wa zamani tu? Na hilo pengo mnalitafutaje bila kuzama, maana kila nikifungua databesi nakuta makala mamia na kila moja inanirusha kwenye nyingine mpaka nasahau nilikuwa natafuta nini.

---

KitabuMkononi:

Mkuu, kuna mada ambazo ungeweza kupona na hiyo nakala ya bure na hakuna mtu angekusumbua. Lakini wewe umechagua MWISHO wa riwaya, halafu katika riwaya zote za karne ile ukaichagua hii, ambayo mwisho wake wenyewe una kesi. Supavaiza wako anajua anachouliza.

Ngoja nieleze kwa wale wasioijua hii story. Dickens amemaliza kuandika Juni 1861. Mwisho alioandika kwanza, Pip, mhusika mkuu anayesimulia, anakutana barabarani London na Estella, mwanamke aliyempenda tangu utotoni, Estella ameshaolewa mara ya pili na daktari, wanaongea kidogo sana, kila mtu anashika hamsini zake. Imeisha. Sasa akampa rafiki yake Bulwer-Lytton asome, naye ni mwandishi mkubwa tu wa enzi hizo, Bulwer akamsihi aubadilishe. Dickens akaubadilisha kweli, ndo tukapata ule ambao wanakutana kwenye kiwanja cha nyumba alikokulia Estella, iliyobomolewa, na wanatoka wameshikana mikono. Ule wa kwanza wasomaji wa kawaida hawakuuona mpaka John Forster alipouchapa kwenye juzuu ya tatu ya wasifu wa Dickens, 1874, mwenyewe ameshafariki tangu 1870.

Sasa unaona mtego ulipo. Msomaji wako wa kungoja kila wiki, siku anapofika kipande cha mwisho Agosti 1861, hajui kabisa kama kuna mwisho mwingine umetupwa. Msomaji wa leo anafungua kitabu anakuta miisho miwili, mmoja umewekwa kama nyongeza nyuma, anachagua anaoupenda. Hao ni watu wawili tofauti na tasnifu yako inahusu huyo wa kwanza. Hapo huwezi kusema maneno ni yaleyale.

Na bado. Chukua sentensi ya mwisho kabisa peke yake. Kwenye muswada wa mkono Pip anasema hakuona kivuli cha kuachana na Estella ila kuachana kumoja tu, na hakuna anayehitaji kuambiwa huko kumoja ni kufa. Kabla ya kuchapwa hicho kipande cha "ila kumoja" kikakatwa, kwa hiyo wasomaji wa 1861 walipata sentensi iliyopinda kidogo, imekaa kimtego, unaweza kuisoma kwamba hawakuachana au kwamba Pip ndo hakuona dalili yoyote na mambo yakaja kuwa mengine. Matoleo yaliyofuata sentensi ikanyooshwa, sasa ni hakuna kivuli cha kuachana TENA. Matoleo mengi ya kawaida yanatumia hiyo ya baadaye. Watu wameandika makala nzima kwa sentensi hiyo moja mkuu, na wewe sura yako inaongelea mwisho, mtahini akikuuliza "msomaji wako alisoma ipi kati ya hizi" utajibu nini?

Tafuta toleo la Clarendon lililohaririwa na Margaret Cardwell, 1993, hilo ndo la kunukulia, linakuonyesha chini ya ukurasa kila mahali ambapo matoleo yanatofautiana. Na lile la Norton la Edgar Rosenberg la 1999 lina maelezo marefu sana ya hii miisho. Nakala nyingi za bure, hasa za zamani, hazisemi hata zimechapwa kutoka kitabu gani, hilo peke yake linatosha kuzikataa kwenye tasnifu.

---

NjeYaMstari:

Naomba nipingane kidogo na KitabuMkononi, siyo kwa ubaya.

Ni kweli yote aliyosema ila nimeona watu wameingia kwenye hiyo kitu ya matoleo hawakutoka tena. Wanaanza na sentensi ya mwisho, wanaenda koma, wanaenda nukta mkato, mwisho wa siku ana daftari zima la tofauti na hana hoja hata moja. Tofauti kati ya matoleo ni ushahidi tu, ushahidi wa NINI ndo kazi yako. Kama huwezi kusema ile "tena" inabadilisha nini kwenye dai lako basi iache iende kwenye tanbihi.

Ila nilichokuja kusema hasa ni hilo swali la pili ambalo wote mmelipita kama hamjaliona. Mkuu hilo pengo lako halipo. Msomaji wa vipande ameshaangaliwa sana. Linda Hughes na Michael Lund wana kitabu kizima The Victorian Serial, 1991, kinahusu hasahasa kusoma kwa vipande na muda unaopita katikati. Robert Patten alishaandika tangu 1978 kuhusu Dickens na wachapishaji wake, hela, mikataba, mauzo. Na upande wa mwisho wa hadithi na hamu ya msomaji kuufikia, Peter Brooks ana sura nzima juu ya riwaya hiyohiyo kwenye Reading for the Plot ya 1984. Ukisimama mbele ya jopo la watahini useme "hajaangaliwa" watakumaliza hata chai haijapoa.

Shida ni namna tunavyofundishwa kuandika pengo. Unaambiwa tafuta ambacho hakuna mtu amefanya, basi mtu anazunguka anatafuta sehemu tupu kama anatafuta kiwanja. Kuna mambo chungu nzima hakuna mtu ameyafanya kwa sababu hayana maana. Mimi swali ninalojiuliza ni hili, nikiwa sahihi nani atakuwa amekosea? Kama hakuna mtu yeyote anayelazimika kubadili hata aya moja kwa sababu yangu basi sina tasnifu, nina ripoti.

Kwa mfano wako. Brooks anausoma msuko wa hadithi (ploti) kama kitu kimekamilika, kiko mkononi, mwisho unauvuta mwanzo. Hughes na Lund wanakwambia msomaji wa wakati ule hakuwa na kitu kilichokamilika, alikuwa anaishi nacho huku maisha yake mengine yanaendelea. Sasa waweke hao watu meza moja, watagombana wapi? Na huo mwisho uliobadilishwa dakika za mwisho unampa nani ushindi, au unawaharibia wote? Hapo ndo pengo lako lilipo, kwenye ugomvi, siyo kwenye utupu.

---

Mwanafunzi_Sugu:

Duh. Asanteni sana wakuu, NjeYaMstari umenivua nguo hadharani ila nashukuru bora iwe hapa kuliko kwa jopo.

Naomba niulize tena mawili. Moja, hao Hughes na Lund nilikuwa sijawahi kukutana nao kabisa na natafuta kila siku, kwa hiyo natafuta vibaya, nifanyeje? Mbili, hayo mambo ya muswada wa mkono na magazeti ya 1861, mnayaona wapi? Ni lazima mtu asafiri mpaka huko au kuna njia?

---

Bi_Nyaraka:

Habari mdogo wangu, mimi nafanya kazi na makusanyo ya nyaraka na wanafunzi wa PhD ndo wateja wangu wakubwa kwa hiyo nijibu hayo mawili.

Kutafuta. Kama unatafutia kwenye gugo au hata JSTOR (ile hifadhi ya makala za kitaaluma mtandaoni) peke yake utapata kinachopatikana humo, siyo kilichoandikwa. Vitabu vingi vya miaka ya tisini havimo kwenye JSTOR, na kwenye fasihi kitabu bado ndo mfalme, siyo makala kama kwa wenzetu wa sayansi. Kwa fasihi ya Kiingereza kuna bibliografia mbili za kupitia, MLA International Bibliography na ile ya MHRA wanaiita ABELL ambayo orodha zake zinaanzia 1920. Haziingiliani moja kwa moja, moja ina ambavyo nyingine haina, pitia zote. Halafu kuna majarida ya Dickens peke yake, The Dickensian linatoka tangu 1905 na lina vitu vidogovidogo ambavyo hutavipata popote, mtu kakaa miaka anafuatilia duka fulani lililotajwa kwenye riwaya, unacheka lakini siku moja unakihitaji.

Na usisome kwa kufuata mtiririko wa databesi, utazeeka. Chukua vitu vichache VIPYA na vizuri juu ya mada yako, usisome hoja kwanza, soma tanbihi. Majina yanayojirudia kwa kila mtu ndo mjadala wenyewe, anza nayo. Kisha nenda mbele, nani amewanukuu hao majuzi. Kwa kila kimoja andika sentensi mbili tu, anadai nini na anamjibu nani. Ukiona vipya vyote vinakurudisha kwa watu ulionao tayari, acha kusoma andika.

Kuhusu nyaraka, una bahati sana na uchaguzi wako kwa sababu nyingi hazihitaji pasipoti. Riwaya ilitoka kwenye gazeti la Dickens mwenyewe All the Year Round, kuanzia tarehe 1 Desemba 1860 mpaka 3 Agosti 1861, vipande 36. Gazeti zima limewekwa bure mtandaoni, mradi unaitwa Dickens Journals Online, una picha ya kila ukurasa pamoja na maandishi yaliyosahihishwa na watu wa kujitolea. Nakushauri usiende kwenye riwaya moja kwa moja, fungua toleo la wiki husika ulisome lote kuanzia ukurasa wa kwanza, uone riwaya imekaa jirani na nini. Makala nyingi humo hazina jina la mwandishi, ila mwaka 2015 muuza vitabu vya kale anaitwa Jeremy Parrott alitangaza kupata seti ya gazeti hilo imeandikwa pembeni majina ya waandishi, kwa hiyo hata hilo sasa lina pa kuanzia.

Pia angalia kwa nini ilitoka wiki kwa wiki. Dickens alikuwa amepanga kitabu cha mwezi kwa mwezi kama alivyozoea, ila gazeti lilikuwa limeanza kudorora kwa sababu riwaya ya Charles Lever iliyokuwa inaendelea humo watu hawakuipenda, mauzo yanashuka, ikabidi aingie mwenyewe kuokoa. Kwa hiyo huo mkato wa wiki unaouchambua ulizaliwa na hesabu za biashara. Barua zake za kipindi hicho ziko kwenye toleo la Pilgrim, juzuu 12, ya 9 ndo inabeba 1859 mpaka 1861, na humo utakuta anavyowaeleza marafiki kuhusu kubadilisha mwisho.

Muswada wenyewe uko Wisbech, mji mdogo Uingereza, kwenye makumbusho ya Wisbech and Fenland, kwa sababu Dickens alimpa rafiki yake Chauncy Hare Townshend, yule ambaye riwaya imetabarukiwa kwake, naye akauacha huko. Picha za muswada zilichapwa na Cambridge 2011 kwa hiyo maktaba kubwa inaweza kuwa nacho, ulizia mkopo wa maktaba kwa maktaba. Mwandiko ni mdogo, amekata amekata tena, wino juu ya wino, usitegemee kuusoma siku ya kwanza. Pamoja nao kuna karatasi chache za kumbukumbu alizojiandikia, umri wa wahusika, na maji kujaa na kupwa mtoni kwa ajili ya ile sura ya kutoroka kwa mashua. Mimi hizo karatasi nazipenda kuliko muswada.

---

KitabuMkononi:

Dada Nyaraka umemaliza, naongeza kidogo tu ambacho kitamfaa. Marekani riwaya ilikuwa inatoka Harper's Weekly kipindi hichohicho na kule ilikuwa na michoro ya John McLenan, wakati gazeti la Uingereza halikuwa na picha hata moja. Kwa hiyo huna msomaji wa vipande mmoja, unao wawili, mmoja Pip ana sura mbele ya macho yake na mwingine anamjenga kichwani. NjeYaMstari anataka ugomvi, huo nao ni ugomvi.

---

NjeYaMstari:

@KitabuMkononi huo naununua 😂 maana una hoja ndani yake.

Tahadhari moja kwa Sugu kabla hujakimbilia hayo magazeti ya mtandaoni. Ukishakuwa na kisanduku cha kutafuta neno utapata ushahidi wa chochote unachotaka. Andika "kungoja" utakuta kila mtu karne ya 19 anangoja. Kisanduku hakikuonyeshi kurasa ambazo neno lako halimo, na kwenye magazeti yaliyosomwa na mashine bila kusahihishwa na mtu, neno lako linaweza kuwepo mashine ikaliona takataka, hasa chapa ikiwa imefifia. Na wale wa karne ya 17 na 18 ndo usiseme, herufi s ya zamani ile ndefu mashine inaisoma f. Kwa hiyo "nimetafuta sijaona" siyo matokeo ya utafiti, usije ukaiandika hivyo.

---

Mtahini_Mstaafu:

Nimekuwa nasoma kimyakimya, hoja ni nzuri, vijana mko vizuri. Nimekaa kwenye majopo mengi ya aina hii kwa hiyo niseme tunavyoona kutoka upande wa pili wa meza.

Swali la toleo hatuliulizi ili kukukomoa. Tunaliuliza kwa sababu ni njia ya haraka ya kujua kama mtu anajua kitu anachokichambua ni kitu gani. Mwanafunzi akija na King Lear ya Shakespeare namuuliza hilohilo, kwa sababu kuna chapa ya 1608 na kuna ya kwenye Folio, ule mkusanyo mkubwa wa tamthilia zake, ya 1623, ya pili imekosa mistari kama 300 iliyo kwenye ya kwanza, na yenyewe ina mistari kama 100 ambayo ya kwanza haina. Ile kesi ya kichaa ambayo Lear anawahukumu binti zake wasiokuwepo haimo kwenye Folio. Maneno ya kufunga mchezo kwenye moja anayasema Albany, kwenye nyingine Edgar. Mpaka Oxford mwaka 1986 wakaamua kuzichapa zote mbili kama tamthilia mbili. Sasa mtu anakuja na dai zito juu ya nani anabaki na mamlaka mwisho wa mchezo, ukimuuliza ni Lear ipi, anakutazama. Frankenstein ya Mary Shelley vilevile, 1818 na 1831, hata Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein, kwenye la kwanza ni binamu yake na kwenye la pili ni yatima aliyeokotwa Italia, andika juu ya familia bila kusema umeshika lipi uone.

Tunachotaka siyo uchague toleo "bora". Tunataka aya moja, mapema, inayosema nimechagua hili kwa sababu dai langu ni hili. Kwa kijana huyu kama dai ni msomaji wa wiki kwa wiki basi hata hiyo Clarendon ni ya kusaidia tu, andiko lako la msingi ni gazeti lenyewe la 1860 na 1861, Clarendon inakuonyesha lilitofautiana wapi na vitabu vilivyofuata. Lisemwe wazi hivyo.

La pili ni nadharia, hakuna aliyeligusa. Nimechoka na sura ya pili inayoitwa kiunzi cha nadharia, kurasa na kurasa za majina makubwa, halafu kuanzia sura ya tatu hawaonekani tena mpaka hitimisho, wanarudi kuaga. Kama Brooks yumo, awemo ndani ya uchambuzi akipata tabu na sentensi ya Dickens. Kama hapati tabu popote mtoe, hatutamuulizia.

---

Mwanafunzi_Sugu:

Mwalimu shikamoo, na asante sana, hiyo ya andiko la msingi kuwa gazeti lenyewe imenifungua macho maana nilishaanza kutafuta hela ya kununua Clarendon 😅

Nimeanza kufungua zile kurasa alizosema Bi Nyaraka. Kitu nilichokiona mara moja ni kwamba riwaya inaanzia ukurasa wa kwanza wa gazeti, kipande kinaisha katikati ya safu na makala ya mambo mengine kabisa inaanza hapohapo chini yake, hakuna hata nafasi ya kupumua. Kwenye kitabu mwisho wa sura una ukurasa mweupe. Sijui kama hili lina maana.

Swali la mwisho, nikitaka kwenda kuuona muswada kwa macho naandikaje kuomba, na hela mnatoa wapi?

---

NjeYaMstari:

Lina maana. Hilo ndo dai lako, na hakuna aliyekupa umeliona mwenyewe. Andika leo kabla hujasoma mtu mwingine.

---

Bi_Nyaraka:

Marahaba sio mimi niliyeamkiwa ila naipokea 😊

Kuomba, usiandike "natafiti Dickens naomba kuona mlichonacho", hiyo tunaipata kila wiki na hatujui tuanzie wapi. Soma kwanza orodha ya makusanyo yao, taja kitu chenyewe na namba yake ya rafu, sema unataka kuangalia ukurasa upi na kwa nini ile iliyochapwa haitoshi. Hilo la mwisho ndo linafungua mlango. Kitu kikiwa dhaifu na picha zake zipo watakwambia tumia picha, na wana haki. Kwako sababu ipo, mfano unataka kuona kilichokatwa chini ya wino kwenye karatasi ya mwisho, picha huwa haionyeshi vizuri.

Ukifika, penseli tu, kalamu ya wino inabaki nje na begi lako. Kuna mto wa kuegemeza kitabu na kamba nzito za kushikia kurasa, usiegemee kiwiko. Ukiruhusiwa kupiga picha anza kwa kupiga lebo ya kabrasha ndo upige karatasi, mbele na nyuma, hata nyuma kukiwa kweupe, maana ukirudi nyumbani una mapicha mia yanafanana hujui ipi ni ya wapi. Unaponakili mwandiko usimsahihishe mwandishi, alivyokosea ndivyo uandike, alichokata onyesha amekata.

Na hifadhi kila kitu kwako, rekodi za katalogi, namba za rafu, yote. British Library walivamiwa na wadukuzi Oktoba 2023 katalogi ya mtandaoni ikapotea kwa miezi, watu waliokuwa wanategemea "nitaiangalia nikifika" walikwama katikati ya tasnifu.

Hela, maktaba kubwa za utafiti za Marekani kama Folger, Huntington, Beinecke na Harry Ransom Center zina ufadhili wa muda mfupi kwa watafiti wanaokuja kutumia makusanyo yao, nyingine zinataka uwe umeshamaliza PhD na nyingine zinachukua hata walio kwenye tasnifu, soma masharti vizuri. Ila ni kwa ajili ya makusanyo YAO, usiombe hela ya Huntington kwenda kuangalia kitu kiko Wisbech. Kwa hiyo safari yako pengine ianzie kwa chuo chako, na mimi kwa kweli ningeandika sura yote kwa kutumia picha kwanza ndo nijue kama nahitaji kusafiri.

---

Mwanafunzi_Sugu:

Sawa kabisa. Basi la mwisho kweli sasa, ile nakala ya bure niifute?

---

KitabuMkononi:

Usiifute ya nini, itafutie neno kisha nenda gazetini au Clarendon ukahakikishe na unukuu kutoka huko, usikopi hata koma kutoka kwenye ile ya bure. Na kwenye kunukuu usitegemee ukurasa peke yake, matoleo hayalingani kurasa. Andika na sura. Ila angalia kitu kimoja, kile kitabu cha kwanza cha 1861 kilikuwa juzuu tatu na namba za sura zinaanza upya kila juzuu, matoleo mengi ya sasa yanahesabu moja kwa moja mpaka 59, kwa hiyo amua unafuata hesabu ipi, iseme kwenye ile aya aliyosema Mtahini, na pembeni yake weka tarehe ya toleo la gazeti kwa kila nukuu maana kwa mada yako hiyo tarehe ndo ukurasa wako.

---

Mtahini_Mstaafu:

Tarehe, ndiyo. Na nakala ya aya hiyo mpelekee supavaiza peke yake kabla ya kurudisha rasimu nzima, akikubali hapo mengine yatakuwa mepesi.